Maneno ya Kiingereza Yafananayo kwa Sauti

Kila lugha ina maneno yafananayo kwa sauti, na Kiswahili kinayo mengi. Mtu akisema "paa" tu, wala asiongeze neno, hatujui kama anasema habari ya mnyama akimbiaye porini, au ya sehemu ya juu ya nyumba, au ya ndege arukaye kwenda angani. Watu wa pwani ya Mombasa na Lamu huweza kumtenga paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi, kwa maana yule wa porini hutamkwa na pumzi nyingi baada ya p. Sisi wa bara, tulio wengi, hatufanyi hivyo, wala hatupotei. Tukisikia "paa limevuja" twajua ni nyumba, na tukisikia "paa amekimbia" twajua ni mnyama, kwa kuwa viambishi vya Kiswahili hutuonyesha njia.

Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo. Neno husimama peke yake, na ukilikosa, mara nyingi hakuna la kukurudisha njiani. Kwa hiyo mtu ajifunzaye Kiingereza hana budi kuyaangalia sana maneno yafananayo.

Maneno hayo ni ya namna mbili, na yafaa tuyatenge tangu mwanzo, kwa maana dawa ya namna moja haiponyi namna ya pili. Namna ya kwanza ni maneno ambayo hata Mwingereza mwenyewe huyatamka sawasawa kabisa, na tofauti yake iko katika maandishi tu. Hayo humpoteza mtu anapoandika. Namna ya pili ni maneno ambayo Mwingereza huyasikia kuwa mbalimbali, kama sisi tusikiavyo "pata" na "pita", bali sikio lililozoea Kiswahili huyasikia kuwa neno moja. Hayo humpoteza mtu anaposikia, na anaposema, na anapoandika pia. Vitabu vingi vya sarufi vyaitaja ile ya kwanza zaidi, na wanafunzi hudhani ndiyo ngumu. Mimi naona ya pili ni ngumu kuishinda, nayo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi leo.

Kwanza basi tuitazame ile ya maandishi. Chukueni maneno mawili haya: "peace", maana yake amani, na "piece", maana yake kipande. Yatamkwa sawasawa. Mji wa Arusha umejulikana duniani kwa neno moja katika hayo mawili. Tarehe 4 Agosti 1993 mapatano ya amani ya Rwanda yalitiwa sahihi Arusha, na tarehe 28 Agosti 2000 yakatiwa sahihi hapo hapo mapatano ya amani ya Burundi. Kwa Kiingereza mapatano hayo huitwa "peace agreement". Mwanafunzi akiandika "piece agreement", ameandika "mapatano ya kipande". Akiyasoma kwa sauti hapana atakayejua kosa lake, lakini karatasi ikifika mbele ya msomaji, msomaji atacheka. Na katika jambo kama lile si vizuri kuchekesha watu.

Mengine ya ukoo huo ni "meat", nyama, na "meet", kukutana. "Write", kuandika, na "right", sawa au upande wa kulia. "Week", juma, na "weak", dhaifu. "Son", mwana, na "sun", jua. Mtauliza, kwa nini watu waandike mbalimbali kitu kinachosikika kimoja? Sababu ni kwamba zamani hakikusikika kimoja. Waingereza wa kale walitamka ile w ya "write", tena walitamka ile gh ya "right" kwa koo, karibu na kh ya Waarabu. "Meat" na "meet" nazo zilikuwa na irabu mbili mbalimbali. Mwaka 1476 William Caxton alileta uchapaji wa vitabu katika Uingereza, na tangu hapo maandishi yakaanza kukaa mahali pamoja, bali vinywa vya watu vikaendelea kwenda. Basi maandishi ya Kiingereza ni kama nyayo za mtu aliyekwisha pita: zaonyesha alikokanyaga, si aliko sasa.

Mara nyingine mambo yalikwenda kinyume, neno moja likagawanyika likawa mawili. "Flower" ni ua, kama maua yalimwayo katika mashamba ya Usa River na Tengeru, na "flour" ni unga. Asili yake ni neno moja. Watu wa kale waliuita unga ulio safi kupita wote "ua" la nafaka, yaani sehemu yake iliyo bora, na baadaye wakaona afadhali kuyatenga maneno hayo kwa maandishi. Sauti zikabaki zile zile.

Dawa ya maneno haya ni macho. Yasomwe, yanakiliwe, na kila neno lifungwe pamoja na jamaa zake. Katika "hear", kusikia, mna "ear", yaani sikio. Katika "here", hapa, na "there", pale, na "where", wapi, mna "here" katika yote matatu, nayo yote ni maneno ya mahali. Basi "their", yao, haimo katika jamaa hiyo. Mtoto aliyezoea Kiswahili hutaka kuandika kama asikiavyo, kwa kuwa ndivyo tuandikavyo sisi; katika kazi hii sikio haliwezi kumsaidia, na heri alinyamazishe.

Sasa tuje kwenye namna ya pili, ambayo dawa yake ni sikio lenyewe.

Kiswahili kina irabu tano, nazo ni a, e, i, o, u. Kiingereza chaandikwa kwa herufi hizo hizo tano, lakini sauti za irabu vinywani mwa Waingereza ni karibu 20. Fikirini mwanamke wa sokoni mwenye makapu matano, akaletewa matunda ya namna 20. Hana la kufanya ila kutia namna tatu au nne katika kapu moja. Sikio la Mswahili hufanya vivyo hivyo. Laweka sauti nne za Kiingereza katika kapu la a, na mbili katika kapu la i, kisha lasema, "Hizi ni moja."

Ushahidi wake umo katika maneno tuliyoyakopa. "Shirt" imekuwa shati, lakini "skirt" imekuwa sketi, na "nurse" imekuwa nesi. Kwa Mwingereza irabu ya maneno hayo matatu ni moja tu. Sisi hatukuwa na kapu lake, basi mara tukaitia katika a, mara tukaitia katika e. Tena "bank" imekuwa benki na "band" imekuwa bendi, lakini "tank" imekuwa tanki, na irabu yake ni ile ile. Hapana ubaya katika jambo hilo. Shati ni neno letu sasa, nalo latosha kabisa. Ubaya waanza pale tusemapo Kiingereza kwa makapu yale yale matano.

Pandeni nami Mlima Meru kwa maneno tu, mtaona. Mlima huo wapita mita 4,500 kwenda juu, na wageni huupanda wakiongozwa na watu wa kwetu, pamoja na wapagazi, na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Lugha ya safari ni Kiingereza mara nyingi, hata kama mgeni ni Mjerumani au Mjapani. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba, penye mita 2,514. Usiku wa pili hulala Saddle Hut, penye mita 3,570. Neno "hut" ni kibanda. Sasa mgeni akisema, "I left my hat in the hut," amesema, "Nimeacha kofia yangu katika kibanda." Mpagazi asiyetenga "hat" na "hut" atasikia kwamba kibanda kimeachwa katika kibanda, naye atashangaa. Kuna tena "heart", moyo, na "hurt", kuumia. Yote manne huingia katika kapu la a. Mgeni aliye juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi, akisema jambo la moyo wake, ni lazima ajulikane kwamba hasemi habari ya kofia.

Tazameni jinsi ya kuyatenga. "Hut" ina a fupi karibu sawa na yetu, na kinywa hakifunguliwi sana. "Heart" ni a ndefu, kama mtu amwonyeshaye mganga koo lake, na r yake haitamkwi na watu wa London. "Hat" iko kati ya a na e: fungueni kinywa kama mnataka kusema a, kisha mjaribu kusema e bila kukifunga. "Hurt" ndiyo iliyo ngeni kupita zote. Ulimi hulala katikati ya kinywa, midomo haikunjwi wala haitandazwi, nayo ni sauti ya mtu asitaye kidogo kabla hajajibu swali. Mkiipata hiyo mtakuwa mmeipata na ya "shirt", na "nurse", na "work".

Neno hilo la mwisho lina hila. "Work" ni kufanya kazi, na "walk" ni kwenda kwa miguu. Wanafunzi huiona o katika "work", wakaitamka kwa o, na kumbe "walk" ndiyo yenye sauti iliyo karibu na o. Katika "walk" ile l haitamkwi, kama isivyotamkwa katika "talk", wala katika "chalk", ambayo ni chaki iliyo mkononi mwa mwalimu wenu. Mwongozaji akisema, "Tomorrow we work seven hours," wageni watajiuliza ni kazi gani hiyo waliyolipia fedha zao kuifanya.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Linalofuata si la kuchekesha.

Usiku wa manane watu huondoka Saddle Hut kwenda kileleni, ili wafike alfajiri. Wakiisha pita mahali paitwapo Rhino Point, njia hufuata ukingo wa kreta, na mahali pengine ni mwamba na majivu ya volkano, na upande mmoja ni bonde refu sana. Mwongozaji humwambia mgeni, "Do not slip," yaani usiteleze. Akisema kwa i ya Kiswahili, mgeni husikia, "Do not sleep," yaani usilale. Na kwa kuwa ni usiku, na kila mtu ana usingizi, maneno hayo ya pili yana maana iliyo njema kabisa! Mgeni hatauliza tena. Atafumbua macho vizuri, wala hataangalia miguu yake. Kosa linalotoa maana mbovu hujulikana upesi, mtu akauliza. Kosa linalotoa maana njema hupita bila kuonekana, nalo ndilo la kuogopwa.

"Slip" na "sleep" ni mfano wa jamaa kubwa. Humo mna "ship", meli, na "sheep", kondoo. "Hill", kilima, na "heel", kisigino. "Pick", kuchuma, na "peak", kilele. "Rich", tajiri, na "reach", kufika. Wengi husema kwamba tofauti ni urefu tu, kwamba moja ni i fupi na ya pili ni i ndefu. Hiyo ni nusu ya kweli. Ukiirefusha i ya "slip" haitakuwa "sleep", kwa maana hata ulimi haukai mahali pamoja. Kwa "sleep" ulimi huinuka sana na midomo hutandazwa kama mtu atabasamuye. Kwa "slip" ulimi hushuka kidogo na kulegea, na sauti yake yasimama katikati ya i na e zetu. Semeni e, kisha mwende polepole kuelekea i, msimame nusu ya njia. Hapo ndipo.

Na hapa baadhi yenu mna utajiri msioujua. Katika lugha ya Maa, isemwayo na Waarusha na Wamasai, irabu si tano, ni tisa. Mna i mbili, e mbili, o mbili na u mbili, na a moja peke yake. Tofauti ya zile i mbili yakaribia sana tofauti ya "slip" na "sleep". Mtoto wa Kiarusha huzitenga tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kisha akaja shuleni, akapewa herufi tano za Kiswahili, akasoma Kiingereza kwa hizo tano, akayaacha makapu yake manne nyumbani. Basi kama nyumbani kwenu husemwa Kimaa, kaeni jioni karibu na bibi, msikilize i zake. Na mtoto ambaye lugha ya kwao ina irabu tano kama Kiswahili hana kapu hilo. Hana budi kulisuka mwenyewe, nalo husukwa.

Wako pia wale ambao lugha yao ya nyumbani haitengi r na l. Hao huchanganya "grass", majani, na "glass", kioo, kama wachanganyavyo "kura" na "kula" katika Kiswahili. Hao wayaangalie hayo katika Kiswahili kwanza, na Kiingereza kitafuata.

Nimebakiza maneno mawili ya jamaa ya "slip" na "sleep", nayo ni "live", kukaa mahali, na "leave", kuondoka mahali. Hapana maneno yaliyo kinyume kuliko hayo, na sikio la Kiswahili huyatia katika kapu moja.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru pana mahali paitwapo Engare Nanyuki, ambalo ni jina la Kimaa, maana yake maji mekundu. Wameru walikaa huko na kulisha ng'ombe wao. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu, ili ardhi ile iwe ya Wazungu wafugao ng'ombe. Wakati ule Tanganyika ilikuwa nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na watu wake waliruhusiwa kupeleka malalamiko huko. Basi mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, alisafiri mpaka New York kuyasema mambo hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Baadaye, mwaka 1967, yeye na wakili Earle Seaton walitoa kitabu juu ya jambo hilo, jina lake The Meru Land Case.

Sasa mwalimu awaambie wanafunzi waandike habari hiyo kwa Kiingereza, kwa sentensi mbili. Iliyo sahihi ni hii: "The Meru people lived at Engare Nanyuki. In 1951 they were made to leave." Mwanafunzi mwenye kapu moja ataandika, "In 1951 they were made to live." Hesabuni herufi zilizobadilika, ni chache sana. Lakini maana yake ni kwamba serikali iliwalazimisha Wameru kukaa katika ardhi yao! Mtu wa nchi ya mbali, asiyeijua habari hii, akisoma hivyo ataamini hivyo. Maneno hayo ni ya sarufi njema, hayana dalili ya kosa. Ni kama lile la mlimani, lililopita bila kuonekana, isipokuwa hapa kilichoanguka ni kweli yenyewe ya jambo lililowapata watu.

Njia ya kujilinda ni kutafuta wakati uliopita wa neno. "Live" huwa "lived", na "leave" huwa "left". Hayo hayafanani hata kidogo. Ukiona shaka, igeuze sentensi yako iwe ya jana, na sikio litakuambia ni neno gani ulilolitaka. Walakini jihadharini na "left", kwa sababu ni pia upande wa kushoto. Kiingereza humtoa mtu shimoni na kumwonyesha shimo jingine.

ZOEZI. Mwalimu asome maneno haya, asiyafuate kwa taratibu, naye aufunike mdomo wake kwa kitabu ili mtumie masikio tu. Asikiaye sauti ya "sleep" ainue mkono wa kulia, asikiaye sauti ya "slip" ainue wa kushoto: heel, rich, live, sheep, pick, leave, hill, reach, ship, peak. Kisha mwanafunzi mmoja achukue mahali pa mwalimu. Hapo mtaona kwamba kusikia ni rahisi kuliko kusema.

Halafu andikeni kwa Kiswahili maana ya sentensi hizi, kila mtu peke yake, kabla ya kuulizana:

They meet here every week to hear their son.

We walk to the hut, but the men at the hut work.

Do not slip on the hill. You may hurt your heel.

She left the flour on the left and the flowers on the right.

The people who live here do not want to leave.